Walimnyang'anya mama siti, naandika nikiwa bado na hasira

Jamani mi sio mtu wa kulalamika, na hii kampuni ya mabasi tumepanda nayo miaka mingi tu, tangu enzi za stendi ya Ubungo mpaka sasa tunapandia Mbezi, kwa hiyo msione naandika kwa chuki. Jina sitaji. Ila kilichotokea safari hii kimenikaa kooni, na kila nikimuona mama anashuka ngazi hasira inaanza upya.

Ilikuwa Disemba, wiki ya Krismasi au kabla yake kidogo, tunaenda nyumbani Marangu. Wachaga wenzangu mnajua Disemba ilivyo, Dar yote inapanda mlimani, nauli LATRA, mamlaka ya usafiri, wanapanga lakini siti ni vita. Ndo maana nilikata mapema, tiketi ya mtandao kabisa, namba 3 na 4 nyuma ya dereva, ya mama na yangu, na binti yangu nimempakata. Mama ameshapita miaka 70 na magoti yanamsumbua, pale mbele nilimkatia makusudi anyooshe miguu.

Tumefika Mbezi alfajiri, giza bado, napanda nakuta 3 na 4 zina watu wameshajifunika na shuka. Namuonyesha konda tiketi kwenye simu, hata hakuitazama, kakunja noti kwenye vidole anahesabu, anasema hizo zimeuzwa ofisini, nendeni nyuma kuna nafasi. Nikamwambia kaka yangu huyu mama ni mgonjwa wa magoti. Akaniacha mimi akamgeukia mama, akamwambia, "Bi mkubwa, siti ni siti, gari likifika tumefika wote. Ukitaka kunyoosha miguu ungekodi Noah."

Mama yangu! Mtu anayeweza kumzaa mama yake huyo konda! Na basi zima kimya, kila mtu na simu yake, mimi napiga kelele peke yangu mpaka mtoto akaanza kulia, na mama akanishika mkono akasema mwanangu twende, tutachelewesha watu. Akachukua kopo lake akaanza kwenda nyuma anashika siti moja moja.

Hilo kopo niwaambie. Ni kopo la rangi ya kupaka, nyeupe, la lita moja, alilinunua mwenyewe dukani akalifunga na nailoni. Baba amezikwa pale pale kihambani, yaani shamba letu la nyumbani, pembeni ya nyumba ya zamani ya babu, na mama miezi yote alikuwa anasema Disemba hii nikifika nitapaka msalaba wa baba yenu kwa mkono wangu, mmeniachia umekuwa kijivu kama hana watu. Hakutaka liingie kwenye buti maana aliona wanavyorusha mizigo. Kwa hiyo kalipakata njia nzima.

Siti ya nyuma kabisa, ile ya watu watano, injini iko chini yenu, joto linapanda kwenye mapaja, na mbele ya miguu wamepanga mabegi na gunia la mtu, pa kuweka goti hakuna. Chalinze, Wami, Segera, hivyo hivyo. Korogwe wanatoa dakika kumi za kula na choo, nasema kumi, mama mpaka apite juu ya yale mabegi honi inalia, akarudi kukaa hata chooni hajaenda. Ikabidi asinywe maji tena. Kutoka hapo Mombo, Same, Mwanga, jua lote lile la upareni, mama hanywi maji. Konda anapita anagawa soda huku mbele, huku nyuma zikaisha.

Tulishuka Himo njia panda jioni. Nilipomvua mama viatu kwenye ile Noah ya kupanda Marangu, mkanda wa sandozi ulikuwa umezama ndani ya mguu, ukitoa unaona mfereji pale, na mfereji haurudi, nikibonyeza na kidole shimo linabaki. Sijawahi kuiona miguu ya mama hivyo.

Nyumbani kwenyewe sina cha kusema zaidi ya kumshukuru Mungu. Ile nyumba ya babu bado imesimama, bati zimekuwa nyekundu, migomba imefunga mpaka dirishani, kahawa chini yake, mfongo, ule mfereji wa maji, unapita nyuma ya jiko na ule ubaridi wake asubuhi. Shangazi kapika mtori, mbege ipo, watoto wa ndugu wamejaa hata majina sijamaliza kuyashika. Lakini kutoka uani mpaka kwenye kaburi ni kamteremko, hatua labda thelathini, udongo umelowa, na mama hakuweza. Siku tatu tulizokaa, mbili nzima miguu iko kwenye beseni la maji ya chumvi. Siku ya mwisho mdogo wangu ndo akapaka ule msalaba, mama kawekewa kigoda barazani anaelekeza kwa mbali, hapo chini bado, rudia na nyuma, usimwage kwenye sale (ule mmea wa heshima wa Wachaga). Halafu akanyamaza akawa anapangusa macho na kanga. Kwa hiyo mtakaonijibu eti ni siti tu dada mbona unakuza, sio siti tu.

Sasa hapa ndo nachanganyikiwa. Kurudi Dar tulikosa magari yote ikabidi tupande hao hao, mi nimeshajiandaa kwa ugomvi. Konda mwingine, kijana mdogo, akamuona mama anavyotembea, hakuuliza hata tiketi, akamuomba mtu wa siti ya mbele abadilishane naye, akapokea mkungu wa ndizi akauweka vizuri ndani usipigwe, nampa hela ya mzigo anakataa anasema mama ni mama. Korogwe akamshusha mwenyewe kamshika mkono, na dereva akasubiri bila honi. Nilitaka kulia. Nikawaza basi hawa sio wabaya, nitawapa nyota nne nisahau.

Nikapita ofisini kwao kulalamika kistaarabu, kwamba hizo siti ziliuzwaje mara mbili na mimi nina tiketi yenye namba, dada wa dirishani ananijibu Disemba ni Disemba dada, huyo konda hayupo zamu. Hakuandika hata jina langu. Pole hakuna. Kwa hiyo hapana, nyota moja, na hiyo moja ni ya yule kijana na dereva wake, kampuni isijipe.

Rangi ilibaki nusu. Mama kairudisha Dar, kaifunga tena na nailoni, ipo chini ya kitanda chake, na juzi kaniuliza ule upande wa nyuma mdogo wako aliupaka kweli? Nikamwambia aliupaka. Ameshaniambia Disemba nikate tiketi kwa hao hao kwa sababu ya yule kijana, mi sijamjibu.