Mkasi wa Kukatia Nguo: Kabla ya Makali, Tazama Skrubu

Tangu mvua zianze napokea lalamiko moja kutoka kwa wanawake wanaoshona nyumbani hapa Kigoma. Mmoja anatoka Gungu, mwingine Mwanga, na mama mmoja wa Ujiji ambaye hupunguza magauni ya mitumba ya binti zake. Mkasi ni mpya, makali yanang'aa, kitenge unakikata vizuri. Ukifika kwenye shifoni au bitana, kitambaa kinajikunja na kunaswa katikati ya mkasi, hakikatiki. Wote wananiuliza niwaelekeze kwa mnoaji mzuri. Nawaambia wasinoe kitu. Watazame kwanza pale mabapa mawili yanapokutana, penye kile kidude cha duara ambacho hakuna anayekijali dukani.

Kidude hicho ni cha aina mbili. Kinaweza kuwa skrubu au boliti yenye nati, ambayo unaikaza na kuilegeza kwa bisibisi au spana. Au kinaweza kuwa ribiti, yaani kipande cha chuma kilichopigwa kikapondwa pande zote mbili kisitoke tena. Mkasi wa ribiti ukilegea, umelegea moja kwa moja. Nimeona watu wakigonga ribiti kwa nyundo juu ya jiwe ili ibane. Mkasi unakuwa mgumu kufunguka, baada ya siku chache unalegea kuliko mwanzo.

Naelewa kwa nini watu hawakiangalii. Tumezoea kudhani mkasi unakata kwa sababu ni mkali kama kisu. Mkasi hukata kwa sababu makali mawili yanapitana huku yakigusana. Chukua mkasi mzuri, ufunge, uinue dhidi ya mwanga wa dirisha na uutazame kwa upande. Utaona upenyo mwembamba katikati, mabapa yakigusana kwenye ncha tu. Wengi wakiona upenyo huo wanarudisha mkasi wakidhani umepinda. Kumbe ndivyo unavyotakiwa kuwa. Kila bapa limepindishwa kidogo kwa makusudi, ili unapofunga, makali yagusane mahali pamoja tu, na mahali hapo pasogee kutoka kwenye skrubu hadi nchani. Kinachoyabana mabapa yaendelee kugusana njia nzima ni skrubu. Ikilegea kidogo tu, makali yanaachana, na kitambaa chepesi kinapata nafasi ya kujipenyeza hapo katikati. Kitenge kigumu cha waksi kinavumilia kwa sababu kina wanga na hakijikunji upesi. Shifoni, satini na bitana havivumilii.

Ndiyo maana katika mwongozo huu sitasema mengi kuhusu rangi ya mpini wala maandishi ya kwenye pakiti. Kuhusu urefu ni jambo fupi: kwa anayeshona nyumbani, inchi 8 au 9 zinatosha. Inchi 10 na 12 ni za fundi anayekata tabaka nyingi kwa mpigo siku nzima. Mpini uwe umeinuka kwa juu, ili bapa la chini lilale mezani na kitambaa kisinyanyuke unapokata. Mengine yote yanafuata baada ya skrubu.

Katika mikasi ninayoipanga hapa, nafasi ya kwanza naipa Kai, na sifichi upendeleo wangu. Ni kampuni ya Japani iliyoanza mwaka 1908 katika mji wa Seki, mji ambao kwa karne nyingi ulifua panga na visu. Kwa mshonaji wa nyumbani chagua toleo la 5210, ambalo ni la inchi 8, au 5230 la inchi 9. Ni mwepesi mkononi, na hili ni muhimu kwa mtu anayekata gauni la marinda usiku baada ya kazi nyingine zote. Chuma chake hakishiki kutu kirahisi. Sisi tunaoishi karibu na ziwa, kuanzia Novemba hadi mvua zinapoisha, tunajua mkasi wa chuma cha kawaida ukisahauliwa usiku mmoja karibu na dirisha asubuhi una madoa ya rangi ya udongo, na madoa hayo yanahamia kwenye lesi nyeupe. Lakini sababu yangu kubwa ni mwendo wake. Unakata hadi nchani kabisa. Unapochonga shingo ya blauzi, au unapopiga vijikato kwenye mzunguko wa mkono ili mshono ulale, unatumia ile nusu inchi ya mwisho tu. Mikasi mingi hapo ndipo inaposhindwa. Kai haishindwi, na ikianza kushindwa unaikaza.

Kasoro yake ni kwamba sijauona ukiuzwa hapa mjini. Utaagiza Dar es Salaam au kwa ndugu anayesafiri. Utalipa mara kadhaa ya bei ya mkasi wa kawaida wa sokoni. Mimi nasema lipa. Pisi ya yadi 6 ya kitenge kizuri kilichovushwa kutoka Congo inagharimu pesa nyingi, na kosa la kukata halifumuliki kama mshono.

Kwa wanaotumia mkono wa kushoto, Kai wanatengeneza mikasi yao pia. Naomba muwaagizie watoto wenu wenye mkono wa kushoto mkasi wa kweli wa kushoto, siyo ule ambao mpini tu ndio umegeuzwa. Mkono wa kulia unapofunga mkasi wa kulia, dole gumba linasukuma na vidole vinavuta, na nguvu hiyo inabana mabapa pamoja. Mkono wa kushoto ukiushika mkasi huohuo, nguvu inayatenganisha. Mtoto anaambiwa hajui kukata kumbe mkasi unampinga. Katika mkasi wa kushoto halisi, hata mabapa yenyewe yamepishana kinyume.

Wa pili ni mkasi wa India, hasa wa Meerut. Mji huo uko jimbo la Uttar Pradesh, na mikasi yake ilipewa nchini India, mwaka 2013, alama rasmi ya kutambulisha mahali bidhaa inapotoka. Wanaifua kutokana na vyuma chakavu, zikiwemo springi za magari, na ukiushika unahisi ni chuma kweli. Mara nyingi mpini una rangi ya shaba. Unakazika na unafunguka, na mnoaji mwenye akili anaweza kuufanyia kazi miaka na miaka. Ni mzito kuliko Kai, na unataka mafuta. Tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kiungo, kisha upanguse kwa kipande cha pamba kabla hujagusa kitambaa, na msimu wa mvua uufute wote kwa kitambaa chenye mafuta kidogo kabla ya kuuweka kabatini. Ukikutana nao kwenye maduka ya vifaa vya cherehani, usiupite bila kuujaribu.

Wa tatu ni mkasi mweusi wa Kichina, ule wenye mpini uliopakwa rangi nyeusi ambao kila fundi wa Mwanga anao mezani. Huu ndio wengi wenu mtaununua, kwa hiyo sikilizeni vizuri. Geuza nyuma uone kama kuna nati. Ikiwepo, endelea. Usichukue ule wa juu ambao muuzaji amekupa. Omba akushushie mitatu au minne ya saizi ileile. Mikasi hii inanolewa harakaharaka kiwandani, na ndani ya boksi moja utakuta mmoja mzuri sana na mwingine usiofaa hata kwa karatasi.

Kupima ni hivi. Fungua mkasi hadi uwe kama herufi ya L, ushike mpini mmoja, uachie mwingine uanguke wenyewe. Ukianguka wote na kugonga, umelegea. Ukibaki ulipo bila kusogea, umebanwa mno au una uchafu. Unaotakiwa unashuka taratibu na kusimama kati. Ukiwa na nati unaweza kuukaza robo mzunguko palepale na kupima tena. Halafu kata kipande cha shifoni kilichokunjwa mara mbili, kwa kutumia ncha tu. Mimi hutembea na kipande hicho kwenye mkoba. Ukiacha uzi hata mmoja haujakatika, rudisha. Baada ya hapo pitisha kidole ndani ya tundu la mpini, maana rangi nyeusi mara nyingine imefunika chuma chenye ncha ndogo, na jioni unaona malengelenge kwenye dole gumba. Ukiwa mzuri pande nyingine zote, zungushia utepe wa pamba.

Fiskars nimeiweka ya nne, na najua kuna watakaonikasirikia. Ni kampuni ya Finland ya mwaka 1649, na ule mpini wa rangi ya chungwa uliotoka mwaka 1967 unajulikana dunia nzima. Makali yake ni mazuri, sipingi. Tatizo ni kwamba siyo kila toleo lina skrubu ya kukaza, na mnunuzi wa mbali anayeagiza kwa picha hana njia ya kujua atapewa lipi. Pia rangi ya chungwa imekuwa mtego. Masokoni kuna mikasi ya mpini wa chungwa isiyo na jina lolote, na muuzaji anakuambia ni ileile. Ukimpata ndugu Ulaya, mwambie akutumie yenye skrubu, hapo naupandisha hadi nafasi ya pili.

Mikasi ya mpini wa plastiki ya elfu mbili tatu, kwa kawaida ni ya ribiti. Katia karatasi za vipimo na nyuzi.

Sasa kuhusu kunoa, kwa sababu hapa ndipo mikasi mizuri inapofia. Yule mnoaji anayepita na jiwe la kuzungushwa kwa pedeli ya baiskeli anajua visu na mapanga, namheshimu kwa hilo. Lakini kisu kinanolewa pande mbili, mkasi unanolewa upande mmoja. Kila bapa lina mteremko wa makali kwa nje tu. Upande wa ndani hauguswi na jiwe kabisa. Akiusugua upande wa ndani, ule mpindo niliouelezea unaondoka, makali hayagusani tena, na hakuna skrubu itakayouponya. Mkasi wa skrubu una faida nyingine hapa: unafungua, unampa bapa moja moja, unamwonyesha kwa kidole pa kunoa na pasipoguswa. Wa ribiti hawezi kuufungua, kwa hiyo anaingiza jiwe popote linapofika. Na kabla ya yote hayo, kaza kwanza. Mikasi mingi niliyoletewa ikidaiwa ni butu ilihitaji bisibisi tu. Wanaopunguza jinzi waelewe hili zaidi, maana ule mshono mnene wa kiunoni ndio unaolegeza skrubu kuliko kitu chochote. Kata jinzi karibu na kiungo cha mkasi, usiutumie ncha.

Na wauzaji wetu. Kuna maduka hapa mjini ambayo yameanza kuweka mikasi ndani ya plastiki ngumu iliyochomwa pembeni, na ukiomba kufungua unaambiwa, "Dada, ukifungua umenunua." Nguo tunajaribu, viatu tunajaribu, redio inawashwa mbele yako. Mkasi, ambao kasoro yake haionekani kwa macho, ndio unafungwa. Kuna pia huu mtindo wa kugonga neno "Japan" kwenye bapa la mkasi ambao haujawahi kuiona Japani. Kai halisi ina jina la Kai na namba ya toleo. Neno la nchi peke yake halina maana yoyote.

Bei nayo. Kila nikiuliza kwa nini mkasi wa Kariakoo unakuja kuwa karibu mara mbili hapa, jibu ni usafiri. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, na leo malori yanaingia kupitia Tabora usiku na mchana. Mkasi mmoja haufiki nusu kilo. Katoni ya mikasi hamsini haifiki hata uzito wa gunia moja la mahindi, na gunia hilo linasafirishwa bila bei yake kupanda hivyo. Wauzaji wanajua anayeshona nyumbani hununua mkasi mmoja, hana fundi wa kumshauri wala haendi duka la pili kulinganisha, kwa hiyo wanamkadiria kwa sura. Nendeni wawili wawili, ulizeni bei maduka mawili kabla ya kutoa pochi, na mkiagiza Dar agizeni kwa pamoja watu watano mgawane nauli ya kifurushi.

Lipo duka moja la vifaa vya cherehani ambalo mama mwenye duka anaweka bisibisi na vipande vya kitambaa juu ya kaunta, kila mtu ajaribu. Bei yake si ya chini kabisa. Mikasi yangu yote ya kazi ngumu nanunua kwake, na duka lisiloniruhusu kufungua pakiti siwapi pesa yangu hata kama ndani yake kuna Kai.