Kuchemsha au klorini kwa maji ya chemchemi Kampala?
Mvua ikinyesha Katwe na Kisenyi huu mjadala unarudi, maana vyoo vinafurika, mtaro wa Nakivubo unabeba uchafu mpaka ziwa Victoria, na vijidudu vya choo vinapenya chini ya ardhi hadi kwenye chemchemi tunazochota. Maji yakitokota sawasawa dakika moja umeua bakteria wa kipindupindu, virusi, na hata kriptosporidiamu, kijidudu cha kuharisha ambacho klorini inashindwa kukiua, kwa hiyo kwa kuua vijidudu, kuchemsha kwenye sigiri (jiko la makaa) kunashinda. Lakini makaa ghali jamani! Na yakishapoa, mtoto akichovya kikombe kichafu basi yamechafuka tena.

Hapo ndo klorini inafaa, bei nafuu, unaweka kwa jerikeni unasubiri nusu saa na bado inaendelea kulinda maji. Ila matope yanaipunguza nguvu, chuja kwanza na kitambaa safi. Harufu utazoea.

Nyumba yenye mtoto mchanga au mtu mwenye kinga dhaifu, mi nasema chemsha ya hao hata kama makaa ni kidogo. Familia kubwa isiyo na hela ya makaa, weka klorini kila siku bila kuruka.