Kabla hujalipia mche wa mwasumini, uinuliwe kwanza

Mwezi Machi nilinunua mwasumini kando ya barabara hapa Dar es Salaam kwa shilingi 15,000. Ulinifika kiunoni, umesheheni maua, na ndani ya bajaji harufu ilitujaa mpaka dereva akaulizia bei. Mdogo wangu alikuwa anakaribia kuolewa, nikataka asumini za vikuba, vile vishada vya kunukia vya kujipambia, zitoke uani kwetu. Siku ya nne majani yalilegea. Nikamwagilia, nikauwekea kivuli, wapi! Wiki ya pili ikawa kuni. Nilipoufukua nikakuta mzizi mnene kama kidole umekatika pale chini kiriba, ule mfuko wa mche, kilipoishia. Jembe langu halikufika huko.

Miche ikikaa miezi mingi kwa muuzaji, mizizi hutoboa kiriba na kuzama ardhini. Ule mche unaouona umenawiri kuliko wenzake mara nyingi haulishwi na kile kiriba, unalishwa na udongo wa barabarani. Ukisema "nauchukua," muuzaji anaung'oa kwa nguvu, mzizi unabaki kwake, wewe unabeba matawi. Maua yataendelea kunukia siku mbili tatu, kwa hiyo hutagundua kitu mpaka umeshaupanda.

Watu huniuliza kuhusu rangi ya majani na wingi wa maua. Mimi nasema mwambie auinue mbele yako, taratibu, kabla hujatoa hela. Ukinyanyuka wenyewe, vizuri. Ukiung'ang'ania mchanga, au ukasikia mizizi inakatika, achana nao hata kama una maua mia. Kisha geuza kiriba: vijizizi vyeupe vinavyochungulia kwenye matundu havina neno, lakini mzizi wa kahawia wenye jeraha ni mche uliokwisha kufa nusu. Bora ule wa kufika gotini, usio na ua hata moja, uliopangwa juu ya matofali. Kama umeshaingia mkenge, punguza matawi kwa nusu, toa maua yote, uweke kivulini wiki mbili. Baadhi hupona.

Sasa aina. Ya kwanza kwangu ni Maid of Orleans, na mapenzi yangu kwake siyafichi. Ndio ule wa tabaka moja, petali za mviringo, unaofunguka jioni na kuanguka asubuhi. Hukua haraka, na kwa kuwa mwasumini huchanua kwenye machipukizi mapya, kila ukiupogoa unakulipa. Uweke penye jua la kutosha, chuma vitumba alasiri kabla havijafunguka, na vitafungukia kwenye kikuba chenyewe usiku. Sioni sababu ya mtu wa Pwani kuanza na mwingine.

Wa pili ni Belle of India, wenye petali ndefu nyembamba. Ni mzuri, ila wangu hutoa maua machache zaidi.

Wa tatu ni Grand Duke of Tuscany, ule wa ua lililojikunja kama waridi dogo. Harufu yake ni nzito kweli, lakini hukua polepole mno, na hapa ndipo wauzaji wanaponitia hasira. Majani yake hutoka matatu matatu kwenye kila kifundo. Nimeonyeshwa mche wa majani mawili mawili, ukiitwa Grand Duke, kwa shilingi 40,000! Msomaji mmoja naye aliuziwa kichaka chenye maua meupe yaliyojikunja vilevile, akangoja harufu miezi sita. Nikamwambia avunje jani: likatoka utomvu mweupe kama maziwa. Mwasumini hautoi maziwa. Jaribio hili ni la sekunde moja, na muuzaji mwaminifu hatakukatalia jani moja.

Vipandikizi vya bure kutoka kwa jirani hushika, ila vinahitaji subira.

Na bei zenyewe hazina msingi. Mche uleule nimetajiwa 10,000 nikiwa kwa miguu na 25,000 nilipopewa lifti ya gari. Msimu wa harusi bei inapanda tena, na juu yake unasukumiwa chupa ya "mbolea" isiyo na lebo. Wenye miche safi wapo na wanafanya kazi kubwa, lakini nao wanaumia, kwa sababu mche wao mfupi usio na ua hakuna anayeutazama.

Nilirudi kwa yule aliyeniuzia, na mti wangu mkononi. Akasema, "Mama, umeuua kwa maji." Nilipomwonyesha mzizi uliokatika hakujibu, akamgeukia mteja mwingine, akashika mwasumini mrefu wenye maua, akauvuta kwa mikono miwili.