TAHADHARI: Muuzaji wa "rada ya ndege ya nyumbani" anakuuzia bodi kuukuu, kisha anakuuzia na matengenezo

Wakuu, kama kuna mtu amewatumia tangazo la "rada ya ndege ya nyumbani, biti 64, chomeka tu ufurahie", msitume hela kabla hamjanisoma. Nimepigwa. Na aliyenipiga si mhuni wa kukurupuka, ni mtu mwenye adabu zake, wa "mkuu wangu" na "nipo kwa ajili yako saa yoyote". Hela ya kununulia wala haikuniuma sana. Iliyoniuma ni ya matengenezo, maana nililipa mara mbili nitibiwe ugonjwa alionipa mwenyewe.

Kwa wageni wa mambo haya: ndege nyingi za abiria hujitangaza zenyewe hewani kwenye 1090 MHz, zikitaja namba yao, mahali zilipo, kimo na mwendo. Kidude cha USB chenye chipu ya RTL2832U, ambacho kilitengenezwa kwa ajili ya kutazama televisheni, kinaweza kuyanasa matangazo hayo. Programu kama readsb inayafasiri, tar1090 inachora ramani, na siku hizi wengi wetu tunaziendesha ndani ya makontena ya Docker (visanduku vya programu, kila kimoja huanzishwa kutoka kwenye kifurushi kiitwacho imeji) kwenye bodi ndogo ya kompyuta. Programu zote hizo ni za bure. Narudia, za bure, kwa sababu huyu bwana alinitoza "leseni ya mwaka", na mimi kwa ujinga wangu nikalipa huku nikishukuru.

Kifurushi kilikuja kizuri: kasha jeusi, antena fupi yenye sumaku, adapta, na katikati ya bodi stika ya rangi ya fedha iliyoandikwa "64-BIT PRO". Nikachomeka. Haikupita nusu saa, ndege zikawa zinatembea kwenye ramani yangu. Nikajiona mjanja.

Wiki ya tatu naamka, ramani tupu. Nikampigia, akanituliza: "Hiyo ni kawaida mkuu, mfumo umechoka tu." Akaingia kwa mbali, dakika tano nyingi, ndege zikarudi, na bili ikafuata. Mwezi uliofuata hadithi ikawa ile ile. Mara ya tatu akabadilisha wimbo: bodi imeungua, lakini kwa kuwa mimi ni mteja wake wa siku nyingi, atanipunguzia kwenye mpya.

Kilichoniokoa ni risiti. Nilikuwa nazikusanya nijue nimeshapoteza kiasi gani, nikaona malipo yote mawili ya matengenezo yalifanyika tarehe 1. Na siku hiyo niliyoambiwa bodi imeungua, ilikuwa tarehe 1 pia. Bodi inayoungua haiangalii kalenda.

Nikakaa chini mwenyewe. `docker ps` ikanionyesha kontena linaanza, linakufa, linaanza tena. Logi zilikuwa zinalalamika kwamba vyeti vya usalama vya seva "bado havijaanza kutumika". Cheti kinaweza kuisha muda, hilo tumezoea, lakini kisianze? Nikaiendesha imeji ile ile kwa amri moja tu, `date`, nione humo ndani wanadhani leo ni lini. Jibu: Januari 1, 1970. Nikatoka nje ya kontena, nikaiuliza bodi yenyewe swali hilo hilo. Ikajibu vizuri, mpaka sekunde.

Hapo ndipo mzizi wa fitina ulipo, kwa hiyo mnivumilie kidogo. Mifumo ya biti 32 ilikuwa ikihesabu muda kwa namba ambayo itajaa tarehe 19 Januari 2038. Ili kukwepa hilo, kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo, toka toleo la 5.1 la mwaka 2019 ikaongezewa njia mpya za kuuliza saa, na imeji mpya zinazotumia mifumo ya Linux ya Debian 11 au Alpine 3.13 na kuendelea huzitumia njia hizo. Sasa kati ya kontena na kerneli kuna mlinzi wa mlangoni, laibrari iitwayo libseccomp. Kwenye Debian 10, ambayo ndiyo iliyokuwa kwenye bodi yangu, mlinzi huyo ni wa toleo la 2.3.3 na hajawahi kuisikia njia hiyo mpya. Angejibu "hiyo haipo hapa", programu ingerudi kwenye njia ya zamani na maisha yangeendelea. Yeye anajibu "hauruhusiwi". Basi programu inabaki haina saa, na isiyo na saa haiwezi kuthibitisha cheti wala kupanga ujumbe wa ndege. Ramani inabaki tupu, na bodi haijaungua hata kidogo.

Ila hilo linatokea kwenye mifumo ya biti 32 tu, na mimi niliuziwa 64. Nikaandika `uname -m`. Ikajibu armv7l, yaani mfumo wa biti 32. Nikaichukua bodi, nikaibandua ile stika kwa ukucha, taratibu. Chini yake maandishi meupe: Raspberry Pi 2 Model B V1.1. Hiyo ni bodi ya mwaka 2015, chipu yake ni Cortex-A7, biti 32 kufa na kupona. Stika haikuwa pambo. Ilikuwa imeziba jina.

Na tarehe 1? Alikuwa ameweka kontena la kusasisha makontena mengine, limepangwa kuamka mara moja kwa mwezi. Likiamka linavuta imeji mpya, imeji mpya inagongana na mlinzi wa zamani, ramani inakufa. Yeye anapokea simu, anarudisha imeji ya zamani, analiacha lile kontena vile vile likisubiri mwezi ujao. Labda mtu ataniambia hakujua. Mtu anayejua kurudisha imeji ya zamani kwa dakika tano anajua kwa nini mpya imegoma.

Nikaendelea kufukua, na kadiri nilivyofukua ndivyo nilivyochoka. Memori kadi iliyoandikwa GB 64, nilipoipima kwa programu ya f3 ikaonekana ni ya GB 8 tu. Adapta ilikuwa na waya mwembamba kama uzi wa kushonea: `vcgencmd get_throttled` ikarudisha 0x50005, yaani umeme uko chini ya kiwango muda huo huo na bodi imepunguzwa kasi.

Kubwa kuliko yote lilikuwa kwenye faili la mipangilio. Barua pepe si yangu, funguo za kulisha data (za kutuma ninachonasa kwenye tovuti za kufuatilia ndege) si zangu, hata latitudo na longitudo si za kwangu. Tovuti kama Flightradar24 na FlightAware humpa anayezilisha data akaunti ya daraja la juu bila malipo, na makosa si yao, wanaamini kilichoandikwa. Kwa hiyo umeme wangu, intaneti yangu, antena juu ya bati langu, halafu akaunti anafaidi yeye. Ndiyo maana MLAT haikuwahi kunikubali hata siku moja. MLAT hutafuta ndege kwa kulinganisha muda ambao ujumbe mmoja umefika kwenye vipokezi vinne au zaidi, na mawimbi hukata takriban mita 300 kwa mikrosekunde moja. Ukiwa umeandikishwa mahali ambapo haupo, hesabu haiwezi kukubali. Na kwenye `~/.ssh/authorized_keys` kulikuwa na ufunguo wake, mlango wa kuingia kwangu usiku na mchana. Hapo nilichomoa waya kwanza, hasira baadaye.

Kama umeshauziwa, usiitupe bodi. Pi 2 bado inaiweza kazi hii vizuri. Achana na kadi yake, nunua nyingine na uipime kabla ya kuiamini, weka mfumo mpya wa biti 32 unaotokana na Debian 12, ambako libseccomp ni ya 2.5, kisha andika faili la mipangilio upya kwa mkono wako na uombe funguo zako mwenyewe. Utakutana na watu wanaoshauri umfukuze mlinzi kabisa kwa `seccomp=unconfined`. Kweli saa itarudi, lakini umeondoa komeo kwa sababu ufunguo umepata kutu. Na ukiona `usb_claim_interface error -6`, usimpigie fundi: mara nyingi ni draiva ya televisheni ya kerneli, dvb_usb_rtl28xxu, au programu nyingine imekishika kidude kabla yako.

Kama bado hujanunua, mwambie akuonyeshe kwa video, moja kwa moja, matokeo ya `cat /proc/device-tree/model`. Usiridhike na `uname -m` peke yake, kwa sababu Pi 3 yenye mfumo wa biti 32 nayo hujibu armv7l ingawa chipu yake ni ya 64. Na jina "Pi 2" tu halitoshi pia: V1.1 ni biti 32, V1.2 ina chipu ya 64. Akikuletea Pi Zero ya kwanza au Pi 1, hizo zina chipu za kizazi cha zamani zaidi, ARMv6, na imeji nyingi za siku hizi zitakufa mlangoni na `exec format error` au kodi 139. Pia mwombe hayo yote yafanyike kabla hajakuita mkuu wangu mara tatu.

Nilimtumia picha ya bodi bila stika, na stika pembeni yake. Aliisoma, alama mbili za buluu zikatokea, kisha akaniblok. Hela haijarudi. Jana mtu mwingine amenitumia tangazo lake akiniuliza kama linafaa. Kasha ni lile lile jeusi, antena ile ile ya sumaku, ila stika sasa ni ya dhahabu.