Uzoefu wangu na tamthilia ya Mars: usiruke mahojiano

Nimemaliza misimu yote miwili ya Mars ya National Geographic, sehemu sita kila mmoja, na ule wa kwanza nimeurudia. Niliowashauri waitazame huniambia hadithi ni tamu, ila wakija wataalamu kuzungumza wanapeleka mbele. Jamani, msifanye hivyo. Ukiyatoa mahojiano unabaki na tamthilia ya kawaida tu.

Kisa kinatokea mwaka 2033. Wanaanga sita wanasafiri na chombo kiitwacho Daedalus kwenda kuanzisha makazi kwenye sayari ya Mirihi, ndiyo Mars yenyewe. Kila baada ya muda hadithi inakatwa, unarudishwa mwaka 2016 kwa watu halisi wanaohojiwa: Elon Musk mwenye kampuni ya roketi ya SpaceX, mhandisi Robert Zubrin, mwanafizikia wa anga Neil deGrasse Tyson na wengine. Mwanzoni nilikereka. Baadaye nikaona kazi yake. Nahodha Ben Sawyer anainuka kitini kwenda kutengeneza mtambo kwa mikono yake huku chombo kinashuka kwa kasi, nawe unajua si chumvi ya mwandishi, kwa sababu umeoneshwa Falcon 9, roketi halisi ya SpaceX, ikisambaratika angani Juni 2015. Halafu unaona ile ya Desemba mwaka huohuo, sehemu yake ya chini inarudi na kutua wima, wahandisi wanapiga kelele na kukumbatiana. Pale nilisisimka kuliko kwenye tukio lolote la kuigizwa.

Na mapacha! Scott Kelly alikaa siku 340 kwenye kituo cha anga cha kimataifa, akarudi Machi 2016, huku pacha wake Mark amebaki duniani ili madaktari walinganishe miili yao. Upande wa hadithi wapo mapacha Hana na Joon Seung, mmoja chomboni, mwenzake kwenye chumba cha uongozi duniani, wote wameigizwa na mwigizaji mmoja, Jihae. Ujumbe kutoka Mirihi hutumia dakika 3 hadi 22 kufika, kutegemea sayari zilivyokaa. Ndugu yako yuko hatarini, na unachokisikia kimeshapita.

Kama hujaitazama, ruka aya hii. Sehemu ya tano inahusu dhoruba ya vumbi isiyoisha. Jua halionekani, umeme unapungua, watu wamefungiwa ndani, na mtaalamu wa mimea anaanza kuchanganyikiwa polepole, mbele ya macho ya wenzake, hadi anafungua mlango wa nje. Anakufa, na wenzake kadhaa wanakufa naye. Nilisimamisha video nikakaa kidogo kabla ya kuendelea. Hewa ya Mirihi ni nyepesi mno, haifiki asilimia 1 ya mgandamizo wa hewa yetu, kwa hiyo upepo wenyewe si wa kuangusha watu. Hatari ni lile giza. Juni 2018 dhoruba ya namna hiyo iliinyima jua Opportunity, roboti halisi iliyokuwa Mirihi, na haikusikika tena.

Kasoro zipo. Mazungumzo ya wanaanga mara nyingi ni makavu, kama watu wanaosomeana ripoti, na wahusika kadhaa wanaondoka kabla hujawajua. Muziki wa Nick Cave na Warren Ellis unaokoa mengi hapo.

Msimu wa pili, wa mwaka 2018, unaleta kampuni ya uchimbaji iitwayo Lukrum, nao wanasayansi wanaanza kugombana nayo juu ya maji, umeme na nani mwenye amri. Mahojiano yanahamia Aktiki, kule kaskazini kabisa mwa dunia, kwenye uchimbaji wa mafuta na barafu ya ardhini inayoyeyuka. Hoja ni nzito na naikubali kabisa, ila inarudiwa mno, na hofu ile ya msimu wa kwanza imepungua. Hata hivyo itazame, maana swali la nani atamiliki ardhi ya huko ni la kujadiliwa sasa, kabla roketi hazijaondoka.

Nakala niliyoitazama haikuwa na tafsiri ya Kiswahili, kwa hiyo wazee wa nyumbani ilibidi niwasimulie. Watoto wadogo wasiione sehemu ya tano. Msimu wa kwanza naupa nyota tano, wa pili tatu na nusu. Wa tatu haukutengenezwa, na hilo linaniuma, kwa sababu ugomvi wa wanasayansi na Lukrum ulikuwa bado una mengi ya kusema.