Usinunue kwa ajili ya Peter: uchambuzi wa To All the Boys I've Loved Before

Haya, karibuni. Leo mezani kuna kitabu kimoja tu: To All the Boys I've Loved Before, cha mwandishi wa Marekani Jenny Han. Kilitoka mwaka 2014. Wewe uliyeona filamu yake ya Netflix ya mwaka 2018, usiondoke, maana wewe ndiye utakayeshangaa kuliko wengine. Kitabu na filamu ni ndugu, ila si mapacha. Watu wanakinunua wakimtaka Peter, yule kijana wa mapenzi wa kwenye filamu, wanafika katikati wanaanza kuuliza mbona huyu kaka haonekani sana, mbona kila ukurasa ni dada mkubwa, Margot, Margot, Margot. Ni kwa sababu hii ni riwaya ya madada watatu. Wavulana wamo, tena wanapendeza, lakini hadithi haisimami juu ya mabega yao.

Nitaharibu uhondo kidogo njiani. Mambo ya mwisho wa kitabu nitawatahadharisha kabla sijayagusa.

Tuanze nyumbani kwao. Familia ya Covey inaishi Virginia. Baba ni daktari wa uzazi. Mama, Mmarekani mwenye asili ya Korea, alishafariki hadithi inapoanza. Kifungua mimba ni Margot, ana miaka 18, na ndiye aliyeiendesha nyumba tangu mama aondoke. Wa kati ni Lara Jean, miaka 16, huyu ndiye msimulizi wetu. Kitinda mimba ni Katherine, wote wanamwita Kitty, miaka 9 na mdomo usiomwogopa mtu. Wenyewe wanajiita mabinti wa Song, na Song ni ukoo wa mama. Angalia hilo lilivyofanywa kimyakimya: mama hayupo ndani ya nyumba, ila jina lake ndilo linalowaunganisha watoto. Han hakurundikii kurasa za kilio. Msiba unauona kwenye mgawanyo wa kazi, nani anapika, nani anaangalia ratiba, nani anampeleka mdogo shule.

Halafu Margot anafunga mabegi kwenda kusoma Chuo Kikuu cha St Andrews, Scotland, na siku chache kabla ya kuondoka anaachana na mpenzi wake Josh, kijana wa nyumba ya jirani. Kisa ni neno alilowahi kuambiwa na mama yake, kwamba msichana asiende chuoni akiwa na mpenzi. Hapo ndipo hadithi inapowaka. Lara Jean anapandishwa cheo bila kuombwa ridhaa: kutoka mdogo anayelelewa hadi dada mkubwa wa nyumba. Inabidi aendeshe gari, na gari analiogopa. Inabidi amdhibiti Kitty, na Kitty hadhibitiki.

Shida iliyojificha chini ya yote haya ni kwamba Lara Jean alimpenda Josh kabla ya Margot kuwa naye. Hakumwambia mtu. Alimwandikia Josh barua, akaifunga, akaificha.

Barua zenyewe ziko tano, na utaratibu wake inafaa tuuchunguze kidogo, kwa sababu ukiuelewa vibaya kitabu kizima kitakukera. Si barua za kutongoza. Ni za kuaga. Lara Jean anaandika pale anapotaka kuacha kumpenda mtu, anamwaga kila kitu kwa sababu ana hakika hakuna atakayesoma, anatia kwenye bahasha, anaandika anwani, kisha anaiweka ndani ya kasha la kofia alilopewa na mama yake. Ya Josh, ya Peter Kavinsky, ya Lucas, ya Kenny aliyekutana naye kambini, na ya John Ambrose McClaren. Siku moja kasha halipo, na barua zimeshawafikia wenyewe.

Swali ambalo kila msomaji makini huuliza ni hili: mtu asiyekusudia kutuma barua anaandika anwani ya nini? Wengine wanalichukulia kama tundu la hadithi. Nadhani limezibwa, ingawa si kwa saruji. Huyu ni binti anayependa kukamilisha mambo kwa mikono. Anaoka, anatengeneza vitabu vya kumbukumbu vya kubandika picha na mapambo, anapenda kitu kiwe na mfuniko wake. Kwake barua isiyo na anwani haijaisha, na isipoisha, penzi nalo halijaisha. Ukikubali tabia hiyo, anwani inakubalika. Ukiikataa, usiendelee, kwa sababu kila kinachofuata kimejengwa juu yake.

Baada ya hapo tunaingia kwenye penzi la kuigiza. Lara Jean anataka Josh aamini kwamba hampendi tena, kwa hiyo anamwambia ana mpenzi, na jina linalomtoka ni la Peter. Peter naye katoka kuachwa na Genevieve, na wivu wa Genevieve ndio dawa anayoitafuta. Wanakubaliana, wanaandika mkataba wenye masharti, mojawapo likiwa Peter amwandikie Lara Jean kikaratasi kila siku.

Riwaya za namna hii zimejaa tele, na nyingi zinachechemea mahali pamoja. Mmoja wa wawili hao hana sababu ya kweli ya kuigiza, au sababu yake inakufa katikati ya kitabu na mwandishi anajifanya hajaona. Unabaki unajiuliza, sasa hawa si waseme tu ukweli waende zao? Ukitaka kupima riwaya yoyote ya penzi la kuigiza, jiulize maswali mawili: nani anapoteza nini siri ikivuja leo, na je, hasara hiyo inaongezeka kadiri kurasa zinavyosonga? Hapa Peter anapoteza kidogo, fahari yake tu. Lara Jean anaweza kumpoteza dada yake. Na kila simu inayopigwa kutoka Scotland, kila ujumbe anaoujibu nusunusu, deni linapanda. Hiyo ndiyo sehemu Han aliyoipika ikaiva. Mgogoro wa mapenzi unalipwa kwa fedha ya udugu, na msimulizi anajua hivyo tangu mwanzo.

Kitu kingine kilichofanywa kwa ustadi ni mtindo wa usimulizi. Lara Jean anasimulia mwenyewe, kwa wakati uliopo, sura fupifupi, nyingine kurasa mbili au tatu. Inasomeka haraka. Lakini faida yake kubwa ni kwamba huyu binti hajui anachokihisi, nawe unajua kabla yake. Anaporudia kueleza jinsi Peter anavyojiona mzuri, unatabasamu. Mwandishi hakuambii amempenda. Anamwacha alalamike kupita kiasi.

Sasa kasoro, na zipo.

Ya kwanza ni mwendo. Barua hazitoki mapema. Kwanza Margot anaondoka, nyumba inapanguka, inapangwa upya. Ukiwa na haraka ya mapenzi, hizo kurasa utaziona ndefu. Wengi wanaoacha kitabu hiki huachia hapo, na ni bahati mbaya, kwa sababu ukiziruka, ugomvi wa mwishoni utakuwa kelele tupu kwako. Hutajua Margot anaumia nini.

Ya pili ni Genevieve. Katili, mrembo, anaogopwa, basi. Kumuona kila mtu kwa jicho la Lara Jean kunamfaidi Peter, ambaye tunamgundua polepole, ila Genevieve anabaki katuni. Kitabu cha pili kinampa nyama kidogo. Cha kwanza kinamwonea.

Ya tatu ni Josh, na hapa najua tutagombana kwenye maoni. Filamu ilimwosha huyu bwana. Kitabuni, baada ya kusoma barua, anambusu Lara Jean, mdogo wa msichana ambaye bado anamlilia. Wapo wanaoona ni mtoto aliyevurugikiwa, wapo wanaomwona mchoyo. Tatizo kwangu si busu lenyewe, ni kwamba kitabu hakimdai maelezo ya kutosha. Lara Jean anabeba aibu ya watu wawili, Josh anabeba kijiko.

Kuhusu asili yao ya Korea, wapo waliotarajia kitabu kizame kizima kwenye suala la utambulisho. Hakifanyi hivyo, na nadhani ni sawa. Asili ipo kwenye chakula, kwenye bibi upande wa mama, kwenye baba Mzungu anayejitahidi watoto wasipoteze upande huo. Kinachostahili kutajwa ni kwamba jalada la mwaka 2014 lilimweka msichana mwenye sura ya Kiasia waziwazi, jambo ambalo wakati huo halikuwa la kawaida kwenye riwaya za mapenzi za vijana. Na ilipofika zamu ya filamu, Han mwenyewe ameeleza kwamba kulikuwa na watayarishaji waliotaka Lara Jean awe Mzungu, akakataa. Lana Condor ndiye aliyeigiza.

Kutoka hapa hadi nitakapotaja umri nagusa mwisho, kwa hiyo ambaye hajasoma aruke mbele.

Nani alituma barua? Kitty, pande zote mbili. Tofauti ni sababu. Kwenye filamu anamtafutia dada yake mpenzi, anapendeza, unamsamehe papo hapo. Kitabuni ni kisasi. Lara Jean alimtania kuhusu Josh, naye ana miaka 9, akajua hasa pa kumchoma dada yake. Toleo la kitabu ni bora mara kumi, kwa kuwa ndugu wa kweli ndivyo wanavyoumizana: kwa kitu wanachokijua wao tu.

Ile video ya kwenye filamu, ya Lara Jean na Peter ndani ya bwawa la maji moto kwenye safari ya shule ya theluji, pia inawachanganya watu. Kitabu cha kwanza kina uvumi tu unaosambaa shuleni, na uvumi huo ndio unaovunja mambo kati ya Lara Jean na Peter. Video ni habari ya kitabu cha pili. Na usisubiri lile busu la uwanjani linaloifunga filamu. Kitabu kinaishia Lara Jean akianza kumwandikia Peter barua, kwisha. Kilichofungwa kabla ya hapo ni suala lake na Margot, aliyerudi likizo ya Krismasi na kuujua ukweli. Mwandishi amekuonyesha wazi alichokihesabu kuwa ni hadithi na alichokihesabu kuwa ni mwendelezo, ila wasomaji wengi hufunga kitabu wakihisi wameibiwa kurasa ishirini.

Haya, mnaweza kurudi. Umri: kuanzia miaka 12 au 13 kinafaa. Kuna mazungumzo kuhusu ngono, nani amefanya na nani hajafanya, na uvumi wa shuleni wa namna hiyo, lakini hakuna tukio linaloelezwa waziwazi. Mzazi au dada mkubwa atakayempa binti wa miaka 11 asome naye, sehemu ya kuzungumza ni ile ya uvumi: kwa nini anayechafuka ni Lara Jean peke yake wakati wanaovumishiwa ni wawili, yeye na Peter.

Kiingereza chake ni chepesi. Sentensi fupi, mazungumzo mengi, takriban kurasa 350 lakini herufi si za kubanana. Ukiwa unajifunza lugha, soma sura mbili tatu kwa mkao mmoja bila kamusi, piga mstari maneno yanayojirudia, uyatafute baadaye. Majina ya vyakula na vidakuzi yatakusumbua mwanzoni, yapite tu.

Kununua: mfululizo una vitabu vitatu. Hiki cha 2014, P.S. I Still Love You cha 2015, na Always and Forever, Lara Jean cha 2017. Usisome kwa kurukaruka. Majalada yanafanana sana na watu hubeba cha pili wakidhani ni cha kwanza, kwa hiyo soma jina, usiangalie picha. Matoleo yenye picha za waigizaji yana riwaya ileile ndani, hayajaandikwa upya kufuata filamu. Na yule John Ambrose, ambaye barua yake inaonekana kama imepotea hewani, anajitokeza kwenye cha pili. Usimtafute humu.

Alama zangu: udugu, 9 kwa 10. Mapenzi, 7. Josh, 3, na hiyo 3 nimempa kwa sababu ni jirani mwema kwa Kitty. Anayetaka wapenzi wafike mwisho wao ndani ya juzuu moja, hiki asinunue peke yake, achukue cha kwanza na cha pili pamoja. Ambaye ana dada, na hasa dada aliye mbali, cha kwanza kinamtosha.

Mliosoma, niandikieni hapo chini: Lara Jean angemwambia Margot ukweli kwenye simu ile ya kwanza, Margot angekuwa na haki ya kukasirika?