Uzoefu wangu: usiku wa wapenzi wa dansi la zamani kwenye bembea, Tanga

Viwanja vya bembea hapa Tanga nilikuwa navijua kwa kazi moja tu, kushika viatu vya watoto. Sikukuu ya Idi mtoto anapanda, wewe umesimama juani na viatu vyake, pochi na aiskrimu inayokuchuruzikia kiganjani. Kwa hiyo tangazo lilipozunguka kwenye makundi ya WhatsApp, kwamba uwanja mmoja upande wa Raskazone utawatoa watoto jioni na kufunguliwa tena saa 2 usiku kwa watu wazima tu, wapenzi wa dansi la zamani, nilimrushia mume wangu bila kuongeza neno. Akajibu, "Lipa."

Kiingilio Sh15,000 kwa kichwa. Unalipa kwa simu, mlangoni unafungwa utepe wa karatasi mkononi, basi, kila mchezo unapanda mpaka uchoke mwenyewe. Chakula juu yako.

Michezo kwanza, maana hapo sina neno baya. Bila watoto hakuna foleni, na watu wazima wakishaona hakuna anayewacheka, aibu inawatoka upesi. Kwenye magari ya kugongana aliingia bi mkubwa mmoja, mkoba kamwachia bintiye, baibui kalikunja vizuri magotini lisinase. Mzee wake, na baraghashia yake kichwani, alikuwa gari jingine. Yule bibi akamfuata, akambana pembeni kwenye matairi, akakaa hapo hapo. Kijana wa mashine akapiga kelele, "Bibi, mwachie mzee apite!" Bibi akamjibu bila kugeuka, "Aombe njia kwa adabu." Mzee akaomba. Tulicheka mpaka umeme wa mchezo ukakatwa, zamu ikaisha, na mzee hajasogea hata hatua.

Bembea kubwa la kuzunguka nalo lilikuwa na kijana anayeijua kazi yake. Hapakizi viti kwa kufuatana. Anajaza kimoja, anazungusha nusu, anajaza cha upande wa pili, ili uzito ulingane na mashine isihemewe. Anakutazama tu, anajua wewe wa kukaa wapi. Mimi nilisubirishwa kidogo, na sababu sikuiuliza. Ukifika juu unaziona taa za bandari, na katikati ya ghuba ule weusi wa Kisiwa cha Toten. Mzunguko ni wa polepole, hautishi. Mwenye kizunguzungu apande kabla ya kula.

Sasa muziki, ambao ndio uliotutoa nyumbani. Tangazo liliahidi bendi za Tanga. Kwa asiyejua, mji huu kwenye miaka ya 1960 na 1970 ulikuwa na Atomic Jazz na mtindo wao wa Kiweke, na Jamhuri Jazz na mtindo wao wa Toyota, na mashabiki wa pande hizo mbili walikuwa hawaongei vizuri. Jamhuri kabla ya jina hilo ilikuwa Young Nyamwezi, na hapo unaona mkono wa mkonge: watu walitoka Unyamwezi kuja kukata katani kwenye mashamba ya huku, na magitaa nayo yakapata wapigaji. Bado sijagusa taarabu ya Black Star na Lucky Star. Kwa hazina hiyo, mtu angepiga nyimbo usiku mzima asitoke nje ya wilaya.

DJ alitoka mapema sana. Haikupita saa, flashi yake ikaanza kutema nyimbo za Dar es Salaam, kisha bongofleva. Hata pale alipopiga cha kwetu, mshereheshaji alikuwa haachi kuongea. Wimbo wa dansi wa zamani una maneno mwanzo, halafu linakuja chemko, magitaa yanajibizana na watu wanaingia uwanjani. Yeye kila chemko likianza ndipo anapokumbuka kutangaza gari lililoziba njia. Akazidi kuharibu alipoitambulisha Simba Wanyika kuwa bendi ya Wakenya. Meza ya wazee ikachafuka. Bendi ilivuma Nairobi, sawa, lakini waanzilishi wake akina Kinyonga, Wilson na nduguye George, walipitia Jamhuri Jazz hapa hapa Tanga. "Mgosi, shuka!" mmoja akampigia kelele, "shuka upande bembea!"

Kilichouokoa usiku ni nusu saa ya wazee watatu wenye magitaa: solo, ridhimu na besi, hakuna ngoma, hakuna kinanda. Jenereta lilikuwa nyuma tu ya jukwaa likinguruma, ikabidi mpiga solo alaze sikio juu ya mbao za gitaa ili asikie nyuzi anazozikaza. Akimaliza anatikisa kichwa, anarudia uzi ule ule. Hakuna aliyemharakisha. Walipoanza, hata waliokuwa kwenye bembea waliomba kushushwa. Nilitegemea wazee wale wangerudi jukwaani baadaye, hawakurudi, muda wao ukapewa bahati nasibu ya sufuria.

Chakula kilikuwa cha Tanga kweli, kababu na bajia za moto, machungwa ya Muheza yaliyomenywa, bei ya kawaida. Vyoo vichache, na taa ya vyoo vya wanawake haikuwaka.

Lalamiko langu kubwa la fedha ni hili: tangazo lilisema hadi saa 6, michezo ikazimwa saa 5, ati dizeli. Waliochelewa kufika walilipa bei ile ile wakapanda mara moja au wasipande kabisa, na waandaaji hawakurudisha hata senti. Wakitangaza tena, mimi nitauliza mambo mawili kabla sijalipa: wazee wa magitaa wanapewa muda gani, na nani anashika kipaza sauti.

Ukienda, fika saa 2 kamili, panda bembea kwanza. Na bajaji ya kurudi ipange mapema na dereva unayemjua, maana usiku ule pale nje waliobaki walituona tumevaa vizuri, wakatutajia nauli ya harusini.